Shevalie Aliyepanda Fahali

Katika kambi nzima ya wakimbizi ya Nakivale, kule Uganda, kuanzia Rubondo mpaka Juru, hapakuwa na mtu aliyeaminiwa kwa maziwa kama Nyirabizimana, wala hapakuwa na mtu ambaye maneno yake yalipunguzwa nusu kama yake kabla ya kusadikiwa. Maziwa yake hayakuwahi kutiwa maji. Maji yote aliyatia kwenye hadithi. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mrefu, mwembamba, na kila asubuhi alipita na kidumu chake akiuza maziwa aliyoyapokea kwa wafugaji wa upande wa Endiinzi. Ukimuuliza mbona leo umechelewa, angekwambia kiboko wa ziwani alimzuia njiani akitaka kuonja. Nusu ya wateja walikuja kwa ajili ya maziwa, na nusu kwa ajili ya sababu za kuchelewa.

Kuna waongo wanaokula vya watu, na kuna waongo wanaowavusha watu. Tafadhali msiwatie kapu moja. Mwaka 1996, Nyirabizimana na mumewe Yonatani walipokimbia kwao, kwenye milima ya Kivu ya Kusini, Kongo, walifika kwenye kizuizi cha barabarani wakiwa na ng'ombe mmoja tu aliyebaki. Vijana wenye bunduki wakamtamani ng'ombe, na walikuwa wanaanza kuwatazama wenye ng'ombe kwa jicho baya. Nyirabizimana akapiga yowe: wasimkaribie! Ng'ombe ana ugonjwa wa kwato, unapenya soli ya buti na kuozesha vidole vya mtu! Wale vijana wakaondoa gogo barabarani kwa fimbo ndefu, wamebana pua. Yonatani alicheka njia nzima, mtu amepoteza nyumba na shamba lakini anacheka. Ng'ombe yule hakufika mbali. Wao walifika.

Huko Nakivale Yonatani alichunga ng'ombe wa mtu mmoja wa Endiinzi, akachunga vizuri, na siku moja yule mtu akampa mtamba aliyeitwa Bihogo. Hakumpa kimyakimya. Alimpa kwa maneno yake yote, mbele ya watu, akimtaja ng'ombe jina, rangi na mama yake, kwa sababu kwa watu hawa wafugaji ng'ombe akitolewa hivyo hatoki peke yake: anatoka na undugu. Aliyepewa hatamsema vibaya aliyempa mpaka kaburini. Hata akiapa, ataapa kwa jina lake: fulani alinipa ng'ombe! Halafu Bihogo akizaa na kuzaa tena, ndama jike mmoja hurudishwa kwa mtoaji, ili njia kati ya nyumba hizo mbili isiote majani.

Baadaye Yonatani akaugua. Bihogo aliuzwa wakati mwenyewe amelazwa hospitali ya Mbarara, na Yonatani hakurudi. Kilichobaki ni ndama wa Bihogo, jike, wa rangi ya udongo mwekundu, pembe ndio zinachomoza. Nyirabizimana akamwita Gaju. Mwaka 2013 Gaju alikuwa mtamba mzima, ametoka tu kupandwa na dume kwa mara ya kwanza, na mjane akawa anahesabu kwa siri siku atakayoacha kuuza maziwa ya watu na kuanza kukamua yake. Alikuwa hana mtoto, hana shamba la maana. Alikuwa na Gaju.

Sasa mchezo.

Gradi, kijana wa Bukavu, alikuwa fundi wa simu pale Base Camp, katikati ya kambi. Alipokwenda Mbarara kutafuta vipuri, alimkuta mkaanga chapati mmoja wa mtaa wa Nyamityobora akichana vitabu vya Kifaransa na kufungia chapati. Kimoja kilikuwa na picha ya askari wa chuma juu ya farasi. Gradi akakiomba.

"Wewe chukua tu," yule mkaanga akamwambia. "Hapa hapana mtu najua hiyo maneno. Karatasi yenyewe iko ngumu sana, chapati nakataa."

Kilikuwa kitabu cha mchezo wa mezani, ule ambao watu hukaa pamoja, kila mmoja akabuni mtu wake, na kiongozi akawasimulia hatari mpaka waponyoke au wafe. Dadu zake za pembe nyingi hazikuwamo. Gradi akaandika namba kwenye vifuniko vya soda, akavitia ndani ya sufuria yenye mfuniko. Ukitaka kujua kama umeruka shimo au umetumbukia, tikisa sufuria, chomoa kifuniko. Kila Jumamosi alasiri alifunga kazi, akacheza na Olga msusi na vijana wengine wawili watatu wa jirani.

Nyirabizimana aliingia siku hiyo kuleta maziwa, akakuta Olga analia machozi ya kweli kwa sababu mchawi wake ameliwa na mamba asiyekuwapo. Akaweka kidumu chini. Ugonjwa ule aliufahamu.

"Na mimi ninataka," akasema.

"Koko, haina shida," Gradi akasema, akimwita bibi kama vijana wote. "Kila mutu anachagulaka yeye ni nani. Kuko mulozi, kuko mwizi, kuko shevalie."

"Shevalie njo nani?"

"Ni askari mukubwa wa zamani. Anapandaka farasi, anavalaka nguo ya chuma, anabebaka upanga murefu. Na hasemake buongo hata kidogo."

Mama akatafakari. "Nipe huyo," akasema. "Lakini nitamutengeneza kidogo."

Alichokiita kidogo kilichukua alasiri nzima. Kwanza farasi. Nyirabizimana hakuwahi kumwona farasi, na hakuwa tayari kumkabidhi mtu wake kwa mnyama asiyejua ukoo wake. Shevalie atapanda fahali, mwenye pembe zile ndefu za Ankole. Gradi akafunua kitabu mbele na nyuma, hakukuta penye kukataza. Kisha nguo ya chuma. Chuma, katika jua la Nakivale? Si ataiva kama kiazi? Shevalie atavaa koti la marehemu Yonatani, lile lenye mifuko mingi. Upanga nao ukapigwa chini, akapewa fimbo ya kuchungia.

"Koko, sasa atapigana na nini?"

"Nani amekuambia atapigana?"

Ikaja zamu ya maharagwe. Kila mchezaji alipewa maharagwe kumi, ayagawe katika vikombe vitatu: nguvu, ujanja na bahati. Nyirabizimana akatia moja kwenye nguvu, ya kuinulia kikombe cha maziwa. Yaliyobaki akayamimina yote kwenye ujanja. Gradi alipoyahesabu akakuta kumi na mawili. Olga akatazama vikombe vyake, akapiga kelele.

"Koko, umeniiba!"

"Si mimi," Nyirabizimana akajibu kwa uso mkavu kama ubao. "Ni shevalie. Ameshaanza kazi."

Walicheka mpaka mtu aliyeleta simu itengenezwe akaahirisha shida yake na kukaa chini. Mwisho kabisa Gradi akasema kila shevalie lazima ale kiapo. Nyirabizimana akasimama, akashika fimbo, akaapa kwa niaba ya mtu wake kwamba hatamwaga damu ya mutu, hatamunyima mutu maziwa, na buongo atasema siku za kazi tu, siku ya Mungu atapumzika. Akampa jina Rutikanga, yaani asiyetishika. Huyohuyo ambaye kila hatari ilipotokea alikuwa wa kwanza kupanda fahali na kutimua mbio.

Huyo Rutikanga akapata sifa. Wachawi aliwauzia dawa ya uchawi wao wenyewe. Walinzi wa mlango aliwaambia ana ugonjwa unaopenya soli za buti, na hapo Nyirabizimana mwenyewe alicheka hadi akaegemea ukuta, kisha akajifuta macho kwa upindo wa nguo, na Olga akamletea maji. Tangu Yonatani azikwe, hakuwa amecheka hivyo. Jumamosi zikawa chakula chake. Watu wakaanza kujaa dirishani kumsikiliza, na panapojaa watu dirishani habari haikosi kufika kanisani.

Kanisani habari ilifika imevimba. Mama mzima wa kanisa anacheza kamari ya sufuria! Anafundisha vijana uongo! Baraza likamtuma Kabanda akaone.

Kabanda alikuwa mzee wa kanisa, mnyoofu kama mstari, na kila alichokipenda alikikataza kwanza kwake mwenyewe. Kule milimani alikuwa na kundi la ng'ombe lililofunika kilima. Hapa alifuga mbuzi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza habari za mbuzi hao. Yeye na Nyirabizimana walijuana tangu ujana, wakakwaruzana tangu ujana. Aliingia kwa Gradi na Biblia kwapani, akakataa kiti, akasimama mlangoni.

"Endeleeni," akasema. "Mimi niko naangalia tu."

Siku hiyo Rutikanga alikuwa amefika mtoni. Darajani alikaa Bwana wa Daraja, dhalimu aliyewafungia wenzake Rutikanga ndani ya ngome, na hakuna aliyevuka asipopigana naye. Gradi ndiye aliyesema kwa sauti ya adui.

"Rutikanga hapigane," Nyirabizimana akasema. "Anashuka kwenye fahali, anamwambia: Bwana, nimekupa ng'ombe."

"Bwana wa Daraja anasema: merci," Gradi akajibu, akishukuru kwa Kifaransa. "Anafungua ngome..."

"Hapana!" Kabanda alifoka toka mlangoni, na watu wote wakageuka. "Mutu hapokeake ng'ombe hivyo! Merci njo nini? Ng'ombe gani? Jina yake nani? Mama yake nani? Ng'ombe bila jina ni moshi!"

Gradi hakuwa mjinga. "Basi, mzee, weye njo utakuwa Bwana wa Daraja," akasema, akamsogezea kiti. "Mimi sijuwe hizi desturi."

Kabanda akakikaa kile kiti. Nadhani hakujua amekikaa. Akamkazia macho Nyirabizimana, kidevu juu, akawa dhalimu mzuri kuliko wote waliowahi kukaa darajani.

"Unatudanganya, shevalie. Huna ng'ombe. Una mudomo tu."

Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, na walikuwa wamemwona Nyirabizimana. Angeweza kubuni ng'ombe yeyote duniani. Lakini kuambiwa hana ng'ombe, na Kabanda, mbele ya dirisha lililojaa watu! Akasimama, akanyoosha fimbo, na maneno yakaja yenyewe, yale ya kale, kwa mpangilio uleule aliousikia Yonatani akipewa.

"Ninaye! Nimekupa Gaju, mwekundu kama udongo wa kwetu, pembe zake zinatazama mbinguni, kifuani ana doa jeupe. Mama yake ni Bihogo, aliyetoka Endiinzi kwa mukono mwema. Nimekupa mbele ya hawa bote. Umukamue, akuzalie watoto ba ng'ombe, na njia yetu isiote majani."

Kabanda aliinuka polepole. Biblia ilikuwa imeanguka chini. Akapiga makofi mara moja, akasema kwa lugha yao, kwa sauti kubwa: "Nyirabizimana amenipa ng'ombe!"

Hata Gradi, ambaye hakujua desturi, alijua sufuria ya vifuniko isiguswe. Nyirabizimana akaketi. Alikuwa ameelewa alichokisema baada ya kukisema.

Jumapili yote alishinda nyumbani, hakwenda ibada. Alikaa kando ya Gaju akimtoa kupe masikioni. Olga alikuja kumpa moyo.

"Koko, umwambie ilikuwa mchezo tu. Si kila mutu anajua? Hata Bwana wa Daraja hakuko!"

"Bwana wa Daraja hakuko," Nyirabizimana akakubali. "Lakini Gaju iko."

Hofu ilimshika kweli. Bila Gaju angebaki na kidumu cha maziwa ya watu mpaka kufa, na cha Yonatani hakingebaki kitu chenye pumzi. Alitunga visingizio vingi, vizuri, vya kumvusha mtu mito saba. Kila alipokishika kimoja kiliteleza. Maneno aliyoyasema ndiyo yaleyale yaliyomleta Bihogo. Akisema leo yalikuwa mchezo, basi na siku ile ya Endiinzi, Yonatani amepiga magoti kwa furaha, kofia mkononi, nayo ilikuwa mchezo. Jioni alikuwa bado hajaamua.

Jumatatu asubuhi Kabanda akaja. Amevaa koti la ibada, amekunja uso, na mkononi ana kamba. Wakiwa wawili walizungumza lugha yao ya milimani, bila Kifaransa wala mapambo.

"Muka Yonatani," akamwita, yaani mke wa Yonatani, "nimekuja kuchukua ng'ombe wangu."

Nyirabizimana hakumtazama usoni kwanza. Aliitazama kamba. Ilikuwa kamba ya mbuzi, fupi, nyembamba, ambayo mtamba angeikata kwa kupiga chafya. Mtu aliyewahi kuwa na kilima kizima cha ng'ombe anaweza kusahau jina la mkewe, lakini hawezi kwenda kuchukua ng'ombe na kamba ya mbuzi. Basi Kabanda hakuja kumchukua Gaju. Alikuja kuchukua neno moja tu: "Nilidanganya." Akishalipata atalipeleka barazani likiwa bado la moto, na Jumamosi zitakufa.

Hapo, nasikitika kusema, yule mama mcha Mungu alitabasamu. Rutikanga alikuwa ameamka.

"Karibu, mzee," akasema. "Mbona umechelewa? Ng'ombe wako amekuulizia tangu alfajiri."

Akaingia ndani, akatoka na kamba nene ya katani aliyoisuka Yonatani. Akamfunga Gaju mwenyewe, taratibu, akimsemesha sikioni mambo ambayo sikuyasikia na ambayo hayakuwa ya kuchekesha, kwa maana alijifuta uso kwa kiwiko. Kisha akaitia kamba mkononi mwa Kabanda.

"Hiyo yako ni ya mbuzi," akasema. "Nakuazima hii."

Kabanda alikuwa amekuja na mahubiri mazima, na sasa hayakuwa na mlango wa kupitia. Gaju akamnusa kiganja, akamlamba kwa ule ulimi wa msasa. Tangu mwaka 1996 hapakuwa na ng'ombe aliyemlamba Kabanda. Akaificha ile kamba ya mbuzi mfukoni haraka, kama mtoto aliyekutwa na sukari, na likamtoka lile neno linalotakiwa. Alilisema kwa sauti ndogo. Nyirabizimana amenipa ng'ombe. Akaondoka naye, anatembea polepole nyuma ya mnyama kama wanavyotembea wenye mali.

Nyirabizimana aliingia ndani akalia hadi adhuhuri. Mshindi akilia hakuna wa kumpa pole.

Wiki hiyohiyo baraza likaketi. Pasta akamuuliza Kabanda ameona nini kwa yule fundi wa simu. Kabanda akainuka, akakohoa, akatazama paa, akatazama viatu.

"Vifuniko vya soda," akasema.

"Na Mama Nyirabizimana?"

"Huyo alinipa ng'ombe."

Pasta naye alikuwa mtu wa milimani. Aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika kidogo, kisha akasema wapite kwenye shauri la mabati ya kanisa. Jumamosi iliyofuata Kabanda mwenyewe alitokea kwa Gradi na gudulia la uji, akadai anakagua. Baada ya mwezi alikuwa na shevalie wake, mnyoofu, mwenye upanga, asiyesema uongo. Alikufa mara nyingi sana. Na kila kifuniko kibaya kilipotoka kwenye sufuria, yule mzee aliyewakataza vijana viapo vyote alipiga meza na kufoka, "Nyirabizimana alinipa ng'ombe!", huku Nyirabizimana akichagua haragwe lake jingine kutoka kikombe cha jirani.

Gaju alizaa dume kwanza. Kabanda akaleta maziwa ya mwanzo kwa mjane kabla hajaonja yeye, lakini ya dume hayasemwi sana, kwa kuwa kinachorudishwa ni jike. Mwanzoni mwa mwaka 2015 akazaa tena. Miezi ikapita, na asubuhi moja, siku ya Jumatatu, Kabanda akasimama mlangoni na koti lake la ibada. Nyuma yake alisimama ndama jike, mwekundu, na doa jeupe kifuani.

Nyirabizimana akaweka kidumu chini. Ulimi ule haukupata hata kiboko mmoja wa kumsaidia.

"Anaitwa nani?" akauliza hatimaye.

"Rutikanga."

"Lakini ni jike."

"Hata yule wako sikuwahi kuwa na hakika," Kabanda akasema. Kisha akainama, akawa anahangaika na fundo lisilokuwa na shida. "Muka Yonatani. Siku ile nilikuja nikijua utakataa."

"Nilijua. Nilikuona na kamba."

Masikio yakamwiva Kabanda, kisha akacheka, kicheko cha kijana wa kilima kile chenye ng'ombe, na akamnyooshea mkono. Mkononi mwake ilikuwamo kamba ya Yonatani, ya katani, imelainika kwa kushikwa.

"Uliniazima hii," akasema. "Nimeirudisha. Angalia usiidondoshe, kuna kitu mwishoni."